Mashine Yenye Tumbo

Mpaka leo nikisikia mashine ya kukata majani ikinguruma nyuma ya ua wa mtu, hasira hunipanda kana kwamba nimetukanwa mimi. Huwa natafuta karatasi nimwandikie mtu barua ya malalamiko. Nimeshaanza barua kadhaa. Kila nikifika mahali pa kutaja mkosaji, orodha inakuwa ndefu: mkuu wangu wa kazi, mwenye duka, jirani yangu wa Kizungu, na mwisho kijana mmoja mwenye digrii ya kilimo, soksi nyeupe zinazofika magotini, na kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikaweza kusimama yenyewe. Huyo wa mwisho ni mimi, ndiyo maana barua haijawahi kufika posta.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu kule Uganda nikapangiwa kazi Singida, kwetu, niwe bwana shamba. Wakubwa walikuwa wameanza kuona haya kidogo juu ya zile nyumba za serikali zilizokaa peke yake juu ya mji, ambazo tangu zijengwe hakuna mtu mweusi aliyelala humo isipokuwa kwenye vibanda vya nyuma. Wakanipa moja. Ilikuwa ndogo kuliko zote na bati lake lilivuja, lakini ilikuwa na bustani mbele, na bustani ile ilikuwa na majani mabichi.

Anayeijua Singida mwezi wa Oktoba ataona ubaya wa jambo hili bila kuelezwa. Kwa asiyeijua: mwezi huo nchi yote ina rangi ya ngozi kavu. Ng'ombe wanahesabika mbavu. Kule Mwankoko, kijijini kwetu, kina mama walikuwa wakichimba mchanga wa korongo kutafuta maji ya kupikia. Na kule juu, kwa amri iliyoandikwa na kubandikwa nyuma ya mlango wa jiko langu, kila mwenye nyumba alitakiwa kumwagilia majani kwa mpira kila jioni, ayakate kila Jumamosi, na yaliyokatwa ayatupe shimoni au ayachome moto. Yaani tuyanyweshe wiki nzima ili tuyachome mwisho wa wiki.

Hapo ndipo ningetaka kuanza kupiga kelele, ila lazima kwanza niseme kazi yangu ilikuwa nini. Kazi yangu ilikuwa kupita vijijini kwa baiskeli nikiwafundisha wakulima kuhifadhi malisho ya kiangazi. Nilikuwa na picha za kuonyesha. Niliwaambia wazee walionizidi kila kitu isipokuwa soksi kwamba jani ni mali, kwamba mtu mwenye akili hapotezi jani hata moja. Kisha nilirudi kwenye nyumba yenye amri ya kiberiti.

Baba yangu alikuja Jumamosi ya kwanza baada ya mimi kuhamia. Alitembea kutoka Mwankoko, akaingia kwa mlango wa nyuma, jambo ambalo liliniudhi, na nilipomwamkia shikamoo akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa yameshatoka nje kupitia dirishani. Chai ikapoa mbele yake.

"Haya ni ya nani?" akauliza.

"Ya serikali, baba."

"Serikali ina ng'ombe?"

"Haina."

"Basi inayapeleka wapi?"

Nikamwambia shimoni. Alifungua kitambaa alichokuja nacho kwapani, akatoa mundu wake, akatoka.

Nyumbani alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mwekundu, mwenye baka jeupe usoni, aliyezaa mwezi uliopita. Wengine walikwenda na kiangazi kile na kile kilichotangulia. Mama wa ng'ombe huyo ndiye aliyenipeleka mimi sekondari: aliuzwa mnadani, yeye akaenda na mtu wa Kilimatinde, mimi nikaenda na sanduku la bati. Kwa hiyo yule mwekundu alikuwa kama ndugu yangu aliyebaki nyumbani. Baba alisema maneno machache tu juu yake, na sijayasahau. "Akiifikia mvua, amepona. Asipoifikia, na ndama naye amekwenda." Mvua ilikuwa mbali kwa wiki sita au saba, kama ingekuja kwa adabu.

Akapiga magoti katikati ya bustani yangu akaanza kukata. Majani yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu kwa sababu mimi sikuwa na kibarua wa kuyakata. Alikata kama watu wa kwetu wakatavyo malisho, akishika konzi moja moja, mundu ukipita chini ya kidole cha mwisho, kisha anayalaza yote yakielekea upande mmoja ili ng'ombe asichomwe pua na vikonyo. Mpaka jua linakuwa kali alikuwa na gunia limejaa. Nyuma yake palibaki kama pamenyolewa na kinyozi mzuri.

Ndipo jirani yangu akatokea kwenye ua wa michongoma. Alikuwa mke wa afisa wa ujenzi, mama wa makamo mwenye kofia pana, na niseme haki yake kwamba alikuwa mwema kwangu. Alikuwa ameniletea keki nilipohamia. Akasimama akamtazama baba kwa muda, kisha akaniambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusifu kabisa, "Boi wako yule mzee anakata vizuri kuliko wangu. Unaweza kuniazima Jumamosi ijayo?"

Nilikuwa na digrii ya maneno wakati ule. Nilikuwa nimeshinda mdahalo chuoni juu ya utu wa Mwafrika, nikapigiwa makofi. Nikafungua kinywa nikamjibu, "Nitamuuliza."

Akashukuru, akaenda zake. Baba akainua kichwa akaniuliza mama yule alikuwa anasema nini. Nikamwambia amesifu kazi yako. Akafurahi. Akasema hata Wazungu wengine wana macho.

Jumamosi ya pili, mkuu wangu wa kazi alipita kwenye barabara ya chini akamwona mzee anatoka getini kwangu na gunia kichwani. Jumatatu ukaja waraka. Ulisema imeonekana kuwa wenyeji wanaingia kwenye makazi ya serikali kujichukulia malisho, na kwamba kuanzia sasa mtu yeyote asiye wa nyumba husika ni marufuku kuingia bustanini kukata au kuchukua majani. Kazi hiyo ifanywe na vibarua wa boma, au na mwenye nyumba kwa mashine yake. Waraka ulipelekwa nyumba zote, lakini mwenye mzee wa gunia nilikuwa mimi peke yangu, na kila mtu alilijua hilo.

Nikachemka. Niliusoma nikiwa nimesimama, nikausoma nikiwa nimekaa. Niliandika majibu matatu kichwani, yote makali, yenye nukta mkato. Karatasini sikuandika hata moja. Baba alipokuja nikamwambia wamekataza mundu.

"Mundu umewakosea nini?" akauliza.

Swali nikaliruka. Lakini nilikuwa na maarifa, ambayo ni hatari zaidi. Nikamwambia nitanunua mashine ya petroli. Mashine imeruhusiwa. Nitakata mwenyewe, nitajaza gunia mwenyewe, nitalileta Mwankoko kwa baiskeli mwenyewe. Ng'ombe atakula, waraka utatiiwa, na yeye hatapiga tena magoti mbele ya watu. Hilo la mwisho nililisema kama zawadi. Baba alinitazama akasema kwani magoti yake yamemlalamikia nani.

Sasa, kwetu mtu hanunui ng'ombe kwa macho yake peke yake. Macho ya mwenye pesa hudanganyika kwa sababu yanatamani. Unakwenda na mtu ambaye macho yake hayatamani kitu, naye ndiye anayekwambia mnyama huyu ana kwato mbaya, twende. Mimi nilikuwa na daftari. Nilikuwa nimeandika humo upana wa visu, nguvu ya injini, na mafuta inayotumia kwa saa. Lakini kumwacha baba ilikuwa kumvunjia heshima, basi tukaenda wote mpaka duka kubwa la mjini lililouza kila kitu, kuanzia sindano hadi majeneza.

Mashine ilikuwa mbele kabisa, mpya, nyekundu, na visu vyake vilizungukia chini yake kama panga. Baba akaizunguka mara mbili. Akaisukuma ubavuni kuona kama inasimama imara. Akamwomba mfanyakazi wa duka ailaze, akatazama visu, akasema, "Meno anayo." Kisha akaniambia nimwambie mwenye duka tumwone akila.

Mwenye duka alicheka. Akasema mashine haiwashwi dukani, na haitolewi nje kabla ya kulipiwa. Nikamkumbusha, kwa Kiingereza changu chote, kwamba mashine hiihii wiki iliyopita ilishinda nusu siku kwenye bustani ya mkuu wangu wa kazi ikijaribiwa, na nilimwona kwa macho yangu akiirudisha ina matope kwenye magurudumu. "Yule ni Bwana Mkubwa," akajibu, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja siku ya wiki. Nikamweleza juu ya haki ya mteja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akaifunika mashine na turubai.

Wakati mimi nahutubia, baba alikuwa anafanya kazi. Alikuwa amemuuliza yule mfanyakazi swali ambalo halikuwemo kwenye daftari langu: majani yakishakatwa yanakwenda wapi. Akaambiwa yanarushwa nje pembeni.

"Twende," baba akaniambia. "Mnyama anayekula na kutema ni mgonjwa."

Nikasikia kwamba kuna Mzungu wa mgodini Sekenke anafungasha kurudi kwao na anauza vitu vya nyumba, mashine ya majani ikiwemo. Tukapanda lori. Tulishuka miteremko ya Sekenke juu ya magunia ya mtama, mimi nimeshika daftari, baba ameshika kofia. Mashine ilikuwa kuukuu, ya kijani, visu vyake vimejipinda kuzunguka pipa jembamba, na mbele yake ilibeba sanduku la bati. Yule Mzungu hakungoja kuombwa. Alivuta kamba, ikakohoa, ikanguruma, akaisukuma kwenye majani yake yaliyokwisha kufa, na majani yakaruka yakaingia sandukuni.

Baba akaingiza mkono, akatoa konzi moja, akaitazama kama mtu aliyepata alichokuwa anatafuta. "Huyu ana tumbo," akasema. "Na kilichomo tumboni kinarudi." Akaniambia nimuulize mwenyewe anamuuza kwa kosa gani, swali ambalo kwetu muuza ng'ombe lazima alijibu. Mzungu akasema hana kosa, ila hawezi kumbeba melini. Baba akaridhika. Anayehama, alisema, huuza kizuri.

Hivyo ndivyo bwana shamba mwenye digrii na mfugaji mwenye mvi walivyochagua mashine: kwa meno, kwa msimamo, na kwa tumbo. Nasema hivi bila kumcheka mzee, maana daftari langu halikuongeza kitu. Kitu kimoja tu hatukukifanya, si yeye wala mimi. Hatukunusa. Ng'ombe yeyote angeanza na hilo.

Jumamosi nikakata. Nilivaa kaptula ya kazini ili nionekane. Jirani alinipungia mkono kutoka upande wa pili. Sanduku lilijaa, nikalimwaga guniani, nikapanda baiskeli nikaenda Mwankoko nikiwa nimefura kwa fahari. Baba akamwaga majani mbele ya yule mwekundu. Yalikuwa yamesagwa laini kama ugoro, yameanza kupata joto, na yananuka oili. Ng'ombe akashusha pua. Akapumua juu yake, yakatawanyika. Akageuza kichwa upande wa ukuta.

Baba hakunilaumu, na hilo lilinikera kuliko lawama. Aliyachukua akayaosha kwa maji, maji ya kuchimbwa mchangani, akayaanika, akampa tena kesho yake. Ng'ombe akakataa. Nikaeleza kwamba kitaalamu tatizo ni ule mvujo kwenye kifuniko cha tangi na kwamba majani yaliyosagwa hivyo huchacha na kuvimbisha tumbo la mnyama. Nilikuwa naeleza vizuri sana. Baba akaniuliza kama nilijua hayo kabla ya kwenda Sekenke. Nilikuwa nayajua, yalikuwa kwenye mtihani.

Ndama alikuwa ameanza kulamba ukuta.

Mpango uliofuata ulikuwa wa baba. Aliniuliza waraka unasikia au unaona. Nikasema wakubwa hawapiti bustanini, wanasikia tu mashine zinaponguruma Jumamosi wakajua kila mtu anafanya wajibu wake. "Basi mwache angurume," akasema.

Tangu hapo kila Jumamosi alifika mapema kwa njia ya nyuma. Mimi nilivuta kamba, mashine ikanguruma, nikaisimamisha pale mbele inapoonekana na kuisukuma hatua tatu mbele, hatua tatu nyuma, juu ya kipande kilekile ambacho kilishakuwa udongo mtupu. Nyuma yangu, kwenye kona ya michongoma, baba alikuwa amepiga magoti na mundu wake. Petroli yote ile, moshi wote ule, mshahara wangu wa miezi, ili mzee akate majani kama alivyokata Jumamosi ya kwanza. Niliinama juu ya ile mashine nikiwatukana wakubwa kimoyomoyo kwa lugha tatu. Jioni nilipeleka gunia Mwankoko, na yule mwekundu alikula mpaka akalamba gunia.

Ikapita wiki ya tatu, ikaja ya nne. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika mchana na kutawanyika jioni. Ndipo jirani akaja, safari hii kupitia getini, kofia yake ile ile, akasimama karibu na mimi. Alikuwa anataka ushauri. Mume wake amekubali kununua mashine, na yeye hajui achague yenye sanduku au isiyo na sanduku, na ameona yangu inafanya kazi nzuri. Yote hayo alinipigia kelele sikioni kwa sababu ya mngurumo. Nikampigia kelele na mimi, nikisifia sanduku. Akapiga kelele tena, akauliza yule boi wangu mzee alikwenda wapi, maana sikumpa jibu.

Sijui kilichonipata. Labda ni uchovu wa kusukuma mashine mahali pamoja. Nikasema, "Ni baba yangu."

Akaweka mkono sikioni. Nikasema tena. Akatikisa kichwa, hasikii. Nikaona kwamba ili niseme neno lile lazima nizime mashine, na nikizima mashine mundu utasikika. Nikazima.

Kimya kikaingia. Na katikati ya kile kimya, kwenye kona ya michongoma, kraa, kraa, kraa, mundu ukiendelea na kazi yake.

"Ni baba yangu," nikamwambia. "Yule uliyeniomba nikuazime."

Uso wake ulibadilika rangi mara mbili. Alitazama kona, akatazama kile kipande cha udongo chini ya mashine, na nadhani alielewa mengi kwa mara moja. Nilikuwa nangoja aniambie habari ya waraka. Akaniambia, lakini si kama nilivyotarajia. "Lakini waraka unawakataza wasio wa nyumba," akasema polepole. "Baba yako si wa nyumba yako?"

Nilikwenda kuutoa kwenye droo. Ndivyo ulivyosema. Mtu yeyote asiye wa nyumba husika. Nilikuwa nimeusoma mara ngapi sijui, nimeukasirikia kila herufi, na kamwe sikuwahi kumwona baba yangu akiwa upande wa ndani wa yale maneno. Mstari mmoja kwa mkuu wangu, yule mzee ni baba yangu, na mundu ungekuwa halali tangu Jumatatu ile. Mashine nzima niliinunua ili nisiandike mstari ule.

Jirani aliomba radhi, akaondoka haraka. Nikaandika mstari wangu siku hiyohiyo, na hakuna aliyenijibu. Mashine niliiweka kibandani, kuku akaja kuatamia kwenye sanduku. Yule mwekundu aliifikia mvua, na ndama wake pia.

Lakini ile Jumamosi, jirani alipokwisha kutoka, baba alikuwa bado amepiga magoti. "Washa," akaniambia kwa sauti ya chini. "Atatusikia."

"Ameshasikia, baba."

Akaniuliza mama yule alitaka nini. Nikamweleza yote, safari hii bila kupunguza: kwamba siku ya kwanza alidhani ni kibarua wangu, na aliniomba nimwazime akakate kwake.

Baba akalisukumiza jani la mwisho ndani ya gunia. "Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilisema nitakuuliza."

Alikunja mdomo wa gunia, akaufunga kwa kamba, akauvuta mpaka ukakaza.

"Hukuniuliza," akasema.